Kitabu Kilichosubiri Radhi Yangu

Siku Khairat aliponipigia simu kuniambia anakuja, nilikuwa nimesimama juu ya kigoda nafuta dirisha, na nikabaki juu ya kigoda mpaka simu ikakatika. Alisema mambo matatu kwa pumzi moja. Kwanza, atafika Jumatano. Pili, kitabu chake cha tatu kimekwisha na wachapaji wanakisubiri. Tatu, hakitachapwa mpaka apate radhi yangu, kwa sababu ndani yake mna maisha yangu.

"Radhi ya nini, mwanangu? Mimi nimefanya nini cha kuandikwa?"

"Nakuja nikwambie, Bibi. Usimwambie mtu."

Nikashuka kigodani, nikaenda kumwambia Bi Ummy.

Bi Ummy ni jirani yangu wa ng'ambo ya uchochoro, hapa Kiponda. Dirisha lake na langu yamekaribiana hata tunapeana sahani ya visheti bila ya kushuka ngazi. Ujirani wetu tuliuanza Mtoni tukiwa wanawali, tukaolewa, tukazaa, tukahamia mjini, na bado tunatazamana. Nilipomweleza, alitoa kichwa chote dirishani.

"Kwa hiyo," akasema, "na mimi nimo?"

Nieleze kidogo Khairat ni nani, kwa sababu wengi mtaani wanamjua kama yule binti wa Kheir aliyepelekwa kwenye baridi. Kheir, mwanangu, alimchukua Kanada akiwa na miaka kumi na mmoja. Alitaka mtoto asome ufamasia. Mtoto akasoma mwaka mmoja, akaacha, akaomba kazi ya kupanga vitabu maktaba, na jioni akawa anaandika hadithi. Kheir hakusema naye miezi miwili. Mimi nilisema naye kila Jumapili.

Alikuwa akituma hadithi kwenye majarida, nayo yakimrudishia barua za kukataa. Barua zilipofika ishirini na sita alinipigia akicheka, lakini nilijua kile si kicheko. Ya ishirini na saba ilikuwa ya kukubali. Siku hiyo nilipika mkate wa mchele nikagawa uchochoro mzima, na watu wakauliza kama Khairat ameposwa. Kisha kikatoka kitabu cha hadithi fupi. Akaniletea nakala, nikainusa, nikaiweka kabatini chini ya Msahafu. Kitabu cha pili kilikuwa hadithi moja ndefu, kikaingia katika orodha ya kuwania tuzo kubwa ya kwao. Hakikushinda. Asubuhi yake akaenda darasani kufundisha kama kawaida, kwa sababu wakati huo alikuwa ameshakuwa mwalimu wa chuo, anawafundisha watu kutunga hadithi. Nilidhani anatania aliponiambia kuna kazi kama hiyo.

Lakini chuo kilimpa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Miaka tisa, kila mwaka hajui kama mwakani atarudi. Safari hii wamemwambia: kitabu cha tatu kikitoka mwaka huu, kazi ni yake moja kwa moja. Kisipotoka, nafasi atapewa mwingine. Hayo yote aliniambia kwa simu, na mimi niliyasikia vizuri. Kwa hiyo alipofika Jumatano, nilikuwa najua nimeshika nini mkononi.

Dereva wa teksi alimbebea sanduku mpaka ghorofa ya tatu bila ya kuombwa, akakataa hata maji, akasema ana bibi yake Makunduchi. Khairat aliingia na miwani yake na koti la baridi mkononi, mwanamke wa miaka arubaini na mmoja, akanibusu mkono, kisha akanikumbatia mpaka kanga ikanianguka.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Umekonda."

"Sijakonda. Wewe ndiye hujavaa miwani."

Tulipokwisha kula akatoa karatasi mkobani, akaiweka mezani pamoja na kalamu. Akanitafsiria. Mimi Mwanapili binti Mcha naridhia kwamba mambo ya maisha yangu yatumike, na sitadai, na sitashitaki. Chini palikuwa na mstari wa kutia saini.

Kabla sijasema neno, sauti ikatoka dirisha la pili.

"Bi Mwanapili, unauza nyumba?"

"Siuzi nyumba, Ummy."

"Karatasi na kalamu baada ya magharibi, na wewe huuzi nyumba. Haya."

Asubuhi dalali alikuwa ngazini, mpole sana, amevaa viatu vinavyong'aa. Nyuma yake alikuja Hafiz mwenye duka la chini, macho mekundu. Akaniambia, "Bibi, kama ni ngazi zinakuchosha, mimi ntakupandishia vitu. Usituhame." Nikamhakikishia kuwa sihami. Lakini tangu siku ile dumu langu la maji hupandishwa na Hafiz, na sijapata moyo wa kumzuia.

Ile karatasi sikuitia saini. Nilimwambia Khairat, "Hii ni ya mahakamani, mwanangu. Mtu akitaka radhi kwa mzee wake huja akakaa, akasema alilolifanya, akasikilizwa. Kwanza nisomee."

Akashika shavu, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo. "Nimekosea, Bibi. Kule nimezoea kila kitu kina fomu." Akaikunja akaitia mkobani, na sikuiona tena.

Tukakubaliana atanisomea kila siku baada ya alasiri. Kitabu kiko kwa Kiingereza, nami Kiingereza sikijui, kwa hiyo alikuwa akisoma kwa macho na kunihadithia kwa Kiswahili. Mahali pengine alisita akitafuta neno, nikampa. Bi Ummy alikuja na mkeka wake siku ya kwanza bila ya kualikwa.

Hadithi ilikuwa ya mwanamke aitwaye Zaituni, aliyeolewa na Haroub, mchukuzi wa ghala la karafuu. Zaituni hajui kusoma, naye anataka. Nilijijua mara moja. Kila Jumapili kwa miaka mingi Khairat alikuwa akiniambia, "Nihadithie, Bibi," nami nikimhadithia, naye kumbe anaweka. Nilisikia moyo unanidunda kama mtu anayesubiri kuitwa jina lake. Nilifurahi hata nikasahau kuondoa chai jikoni.

Bi Ummy ndiye aliyekuwa hakimu.

"Ngoja. Umesema huyo mama mkwe kapika boko boko kwa dakika ishirini?"

"Ndiyo."

"Boko boko la dakika ishirini ni uji wa ngano. Futa."

Khairat akaandika pembeni mwa ukurasa. Alikuwa anaandika kila tunachosema, hata kejeli, na hakukasirika hata mara moja. Nilimuuliza kama wanafunzi wake nao humsahihisha hivi.

"Wao wananiogopa," akasema. "Mimi ndiye ninayewahoji. Mtu akisoma hadithi yake darasani, namuuliza: haya yote aliyaona nani? Na kuna nini ambacho huyo hakukiona?"

"Basi niulize mimi," akasema Bi Ummy. "Huyo jirani mwenye mdomo mrefu, ni nani?"

"Si mtu, Bi Ummy. Nimemtunga."

"Umemtunga ukamvisha kanga zangu?"

"Kanga zinafanana."

"Ana meno yote?"

"Anayo."

"Basi endelea."

Alhamisi ikapita hivyo, na Ijumaa, na Jumamosi. Watu wa mtaani walikuwa wananisimamisha sokoni kuniuliza Zaituni amefika wapi, kwa sababu Bi Ummy alikuwa akienda kuihadithia upya nyumba tatu kila usiku, na sidhani kama aliihadithia bila ya kuongeza.

Jumapili tulifika sura ya saba.

Katika sura ile Zaituni anakwenda darasa la kisomo cha watu wazima, jioni, kwenye ukumbi wa skuli. Mwalimu ni mwanamme. Ghalani wenzake Haroub wanamchoma: mkeo anajifunza kusoma ili apate kusoma barua za nani? Haroub anarudi nyumbani, anamkuta mkewe uani na daftari, analichukua mbele ya mama yake na majirani, analipasua karatasi moja moja. Kisha anatoka. Na kuanzia hapo mpaka mwisho wa kitabu Haroub ni jiwe. Zaituni anasoma kwa kujificha, anafika mbali, na Haroub anazeeka pembeni, hana neno jema na mtu.

Khairat alikuwa amesoma vizuri. Bi Ummy alikuwa anafuta macho.

"Ndivyo hasa," akasema. "Nilikuwepo. Nilisimama pale penye kisima. Mudrik alipasua mpaka jalada."

Mudrik ni mume wangu. Amefariki miaka kumi na sita sasa. Na kweli alipasua, na kweli Ummy alikuwepo, na kweli mimi ndiye niliyemhadithia Khairat. Kila neno lilikuwa sawa. Lakini nilihisi kama mtu aliyepewa picha ya mumewe yenye uso wa mtu mwingine.

"Khairat," nikamwambia, "kitabu hiki siwezi kukitolea radhi."

Bi Ummy alitazama mkeka. Khairat alivua miwani akaifuta, akaivaa tena. Alijua na mimi najua: wachapaji walitaka jibu Ijumaa ile inayokuja, na chuo kilikuwa kinawasubiri wachapaji. Mtu mwingine angenikumbusha. Angesema miaka tisa, angesema barua ishirini na sita. Yeye alivuta kigoda akakaa karibu na magoti yangu.

"Bibi, kuna kitu ambacho sikukiona?"

"Kipo."

"Utaniambia?"

"Sijui. Niache nilale nalo."

Akanijibu, "Haya," akaenda kunitilia maji ya kutawadha. Katika wema wote aliopata kunifanyia, ule ndio ninaouweka mbele.

Sasa niseme kwa nini ilikuwa tabu. Sisi tumelelewa kwamba yaliyotokea uani ni ya watu, na yaliyotokea chumbani hayavuki mlango. Ugomvi wa Mudrik ulikuwa wa uani. Umeonwa, umesemwa, umehadithiwa hata kwa mjukuu. Wema wake ulikuwa wa chumbani. Kwa hiyo miaka hamsini nilihadithia nusu ya mtu, na sikuona kosa, kwa sababu nusu ya pili haikuwa ya kuhadithia. Tena nusu ile ya pili ndani yake mlikuwa na jambo ambalo Mudrik asingependa lijulikane. Nikisema, namtoa kwenye ukatili na kumtia kwenye haya. Nikinyamaza, anabaki jiwe katika kitabu kitakachosomwa na watu wasiomjua.

Jumatatu asubuhi, baada ya chai, nilimwita Khairat chumbani. Bi Ummy akaingia nyuma yake na sahani ya mkate wa kumimina, na alivyokuwa ameikumbatia ile sahani sikuweza kumfukuza.

"Siku tatu baada ya lile daftari," nikaanza, "nilitandua kitanda nikalikuta chini ya mto."

"Jipya?" akauliza Khairat.

"Lilelile. Amelibandika. Kila karatasi, kila kipande, kwa gundi ya unga wa ngano. Limevimba kama andazi. Kurasa nne ziko kichwa chini, na nyingine nusu ya juu ni ya somo la kwanza na nusu ya chini ni ya somo la tano."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hakujua kusoma. Babu yako alijua herufi za chuoni tu, za Kurani. Hizi za skuli hakuzijua. Mtu yule alikaa na vipande vile akavipanga kwa kukisia tu."

Khairat alifunika mdomo kwa kiganja. Nikaona niseme yote kabla ujasiri haujanitoka.

"Akaniambia, nifundishe. Nikamwambia, nenda darasani. Akasema wenzake watamcheka, kwa vile yeye ndiye aliyepasua. Basi nikamfundisha mimi, humo chumbani, kila Ijumaa baada ya sala, mlango umefungwa. Mwaka mzima na miezi miwili. Kwa lile lile daftari."

Bi Ummy aliweka sahani chini.

"Ijumaa?" akasema.

"Ijumaa."

"Zile Ijumaa ambazo mama mkwe wako alikuwa anatufukuza uani, anasema nendeni zenu, mwanangu anapumzika na mkewe?"

"Ndizo hizo."

"Mwanapili. Sisi tulikuwa tunakuonea wivu."

Khairat alicheka mpaka akalala kitandani, nami nikacheka, na nikiwa nacheka nikagundua kuwa nalia kidogo. Si kwa huzuni. Nilikuwa kama mtu aliyetua mzigo na bado mikono inaelea juu yenyewe.

Kisha akaketi wima, na uso wake ukabadilika. Nimeuona uso ule kwa mafundi nakshi wanapoona mti mzuri.

"Bibi, kitabu changu kimekosea. Kuanzia sura ya saba kuendelea. Haroub si jiwe."

"Utakibadilisha?"

"Kurasa mia moja na kumi."

"Na Ijumaa ya wachapaji?"

Jioni ile, saa kumi na moja kwetu na asubuhi kwao, alimpigia simu mhariri wake. Alizungumza akitembea kutoka dirishani mpaka mlangoni, kutoka mlangoni mpaka dirishani. Sikuelewa neno, lakini nilielewa mkono wake, ulivyokuwa ukichora hewani. Alipokata simu alinishika mabega.

"Kanipa mpaka Jumatatu ijayo. Siku moja zaidi ya hapo, kitabu kinahamia mwakani, na kazi inakwenda nacho."

"Wiki moja inatosha?"

"Haitoshi. Lakini ntaifanya itoshe. Sasa naomba radhi, Bibi."

"Mimi upande wangu sina tabu. Lakini hili la Ijumaa ni la Mudrik, na Mudrik hayupo wa kuulizwa. Anayemsemea katika mambo haya ni ndugu yake, si mtoto wake."

Basi Jumanne badala ya kuandika tulikwenda Bububu, kwa Mzee Ubwa, mdogo wake Mudrik. Hafiz alifunga duka akatupeleka kwa gari lake. Njiani tasbihi haikunitoka mkononi. Ubwa ni mtu mkali wa heshima; aliwahi kumnyamazia mwanawe mmoja mwaka mzima kwa kitu alichokisema barazani. Nilikuwa nakwenda kumwambia kaka yake alifundishwa herufi na mke.

Tulimkuta kibarazani anamenya machungwa.

"Shikamoo Babu," akasema Khairat.

"Marahaba. Huyu ndiye mwenye vitabu?"

"Ndiye, shemegi," nikasema.

"Vingapi?"

"Viwili, Babu. Cha tatu ndicho kilichotuleta."

"Na vyote umevitunga? Hakuna hata kimoja cha kweli?"

"Vyote nimevitunga."

"Na serikali ya huko inakuweka uwafundishe na wengine?"

"Chuo, Babu. Naam."

"Nchi nzuri hiyo. Kaeni."

Nikamweleza. Nilianza kwa kumtaka radhi mwenyewe kwa nitakayoyasema, kisha nikasema moja kwa moja, kupasua, kubandika, Ijumaa. Nilipofika kwenye gundi kisu chake kilisimama kwenye chungwa. Hakuniangalia. Nilipomaliza alilimenya chungwa lile taratibu mpaka Hafiz, aliyekuwa akisubiri garini, akashuka kuangalia kuna nini.

"Shemegi," akasema Ubwa, "ule unga wa ngano ulitoka wapi?"

"Jikoni kwa mama, nadhani."

"Mama angemuuliza wa nini. Ulitoka kwangu. Nilikuwa nafanya kazi kwa muoka mikate wa Malindi ya mjini, nikauchukua kwenye kikombe. Tulikaa nyuma ya ghala adhuhuri tatu. Yeye anapaka, mimi napepea vikauke. Kila kipande ananiuliza, Ubwa, hiki kimesimama au kimelala? Na mimi najua nini? Tukakubaliana, herufi yenye tumbo itazame mbele, kama mtu anavyotembea."

Miaka hamsini nilidhani tuko wawili tu tunaojua.

"Aliniapisha nisitoe," akaendelea. "Sikutoa. Na hizo Ijumaa pia nilizijua, maana msimu wa karafuu alipokwenda Pemba aliniletea barua aliyoiandika kwa mkono wake, na nikampelekea mtu anisomee. Nikajua kuna mtu kamfundisha, na nikajua hakuna mwalimu wa kiume ambaye Mudrik angemvumilia."

"Kwa hiyo Babu," Khairat akasema polepole, "unaona angeona haya nikiandika?"

Ubwa alimpa nusu ya chungwa kwanza.

"Kaka yangu hakuona haya kusoma. Aliona haya kupasua. Lile ndilo aliloomba lisitajwe, na lile ndilo watu wote wanalolijua. Andika. Upande wake nimebaki mimi, na mimi nimetoa radhi. Ila usije ukaondoa kupasua kwa kumhurumia. Ukiondoa kupasua, mimi na yeye kule nyuma ya ghala tulikuwa tunabandika nini?"

Khairat alikuwa ameshatoa kidaftari chake anaandika, juisi ya chungwa inamtiririka kifundoni. Hafiz akamfuta kwa leso yake kwa sababu mwenyewe hakuwa anaona.

Siku zilizofuata nyumba yangu iligeuka kiwanda. Khairat alikuwa anaamka na adhana ya alfajiri, anaswali, anakaa mezani mpaka alasiri. Nilijifunza kumwekea chakula upande wa kushoto, maana kulia huweka karatasi. Bi Ummy alifunga dirisha lake siku nne mfululizo ili sauti isimsumbue, na kwa anayemjua Bi Ummy, hilo ni kama mtu mwingine kufunga mwezi mzima. Watoto wa uchochoroni walihamishia mpira wao upande wa pili, Hafiz ndiye aliyewaomba. Nilikuwa napita nyuma ya kiti nasikia vidole vinagonga kompyuta yake, na kila vikigonga kwa kasi nilifurahi, na vikinyamaza nilishika tasbihi.

Jumatatu baada ya adhuhuri akaniita. Sauti ilikuwa imemkauka.

"Njoo nikusomee, Bibi. Usiponiridhia, sitakituma."

Bi Ummy akaja na mkeka. Safari hii Khairat alisoma haraka, na Kiswahili chake hakikusita, kwa sababu nusu ya maneno yale aliyasikia kwetu. Haroub akapasua. Nilitaka kuziba masikio, sikuziba. Kisha Haroub akakaa nyuma ya ghala na ndugu yake, na wakazozana kuhusu tumbo la herufi, na Bi Ummy akacheka akapiga paja. Nikasubiri mto.

Lakini hapakuwa na mto. Zaituni alilikuta daftari ndani ya debe la mchele. Na alipolikuta, hakufurahi. Alilichukua akalirudisha mbele ya Haroub, akamwambia, umelibandika, lakini ulilipasua mbele ya watu.

"Haikuwa hivyo," nikasema. "Mimi nilisamehe palepale."

"Najua, Bibi."

"Sasa kwa nini huyu hasamehi?"

"Nilimwandika anasamehe. Mara tatu. Hakukubali."

Nilikaa na jibu lile. Nilikuwa nimekuja kumsikiliza Mudrik na mimi, na niliyekuwa nasikiliza hakuwa Mudrik. Mudrik alikuwa mfupi, mwenye kukoroma, mpenda pweza, na hakuna atakayempata kitabuni, yuko kwangu. Huyu Haroub nilikuwa simjui. Amesimama mbele ya mkewe na daftari limevimba mkononi, hana neno, na mimi nilikuwa nataka kujua atasema nini, nilitaka kwa nguvu, kama ninavyotaka habari ya mtu wangu aliye safarini. Zaituni naye hakuwa mimi. Alikuwa mkaidi kuliko mimi. Nilimpenda kwa hilo.

"Atamsamehe lini?" nikauliza.

"Kurasa kumi na mbili mbele. Kwenye Ijumaa."

"Basi soma, unangoja nini?"

Akasoma. Alipofika kwenye mlango unaofungwa, na Haroub anakaa sakafuni na mkewe anakaa kitini, ili asome akiwa chini yake, Bi Ummy alinishika mkono bila ya kunitazama, na hatukuachana mpaka mwisho.

Khairat akafunga. Alikaa chini mbele yangu, magoti yamekunjwa, kama mtoto anayesubiri kuruhusiwa kutoka. Nikaweka mkono wangu juu ya kichwa chake.

"Radhi zangu unazo," nikamwambia, "na za babu yako nimekupokelea. Saa ngapi sasa huko kwenu?"

Akatazama simu. "Saa tatu kasorobo asubuhi. Ndiyo kwanza wanafungua ofisi."

"Basi inuka ukitume," nikasema. "Wasije wakadhani hatujamaliza."